Buluu Si Moto Tena

Nyumbani kwa Bi Sikudhani, Tandika, upande wa Maguruwe,
friji linang'ata.
Si kung'ata kwa kuua, anasema,
ni kama sisimizi tu, kutoka kidoleni hadi kwapani,
na wajukuu wameshazoea:
ziko kandambili za friji, jozi moja, za kila mtu,
azivaaye ndiye afunguaye.

"Wewe niwekee soketi ya pasi, hapo.
Mengine Mungu anajua."

Nikazima meni. Nikapima. Nikapima tena,
maana testa nayo ni kiumbe, huweza kusema uongo.
Nikapanda ngazi, nikafungua boksi la mbao juu ya mlango.
Mende wakatoka, vumbi likatoka,
fyuzi ya kigae iliyozibwa na waya wa breki ya baiskeli
(nani huyo? nani?),
na nyuma ya kifuniko, kwa penseli ya seremala:
*Fundi Mwinchande, 7/11/1979.*

Baba.

Saba yake ile, yenye mkanda kiunoni.
Nikabaki juu ya ngazi kama mtu aliyeitwa jina sokoni.

Waya zake zimenyooka, kila kona imekunjwa kwa heshima,
klipu za bati kila shibiri, haijalegea hata moja.
Nyekundu, moto. Nyeusi, nyutro.
Erthi haipo.
Taa tatu na redio ya mkulima, erthi ya nini?
Nani aliota friji, birika, pasi,
wapangaji wanne na feni zao usiku wa Februari?

Alinifundisha rangi kabla sijajua herufi:
nyekundu, njano, buluu, hawa wana roho, usiwaguse.
Nyeusi mpole, huyo anarudi nyumbani.

Kisha kitabu kikageuka.
Kahawia ni moto. Nyeusi ni moto. Kijivu ni moto.
Buluu, yule mkali, sasa ndiye mpole.
Na kijani chenye mstari wa njano
ndiye hamali wa kupeleka balaa ardhini.
Siku ya kwanza kuyasikia, darasani Chang'ombe,
nilicheka peke yangu, halafu nikanyamaza:
ningeishika nyeusi kwa imani ya baba.

Sefu Kindamba wa Mtoni aliishika.
Hakufa kwa kutojua.
Alijua. Alijua ya zamani.

"Kumbe binti Mwinchande!" Bi Sikudhani kafurahi,
hadi nilipomtajia bei.
"Baba yako asingenitajia hii."
Sikumjibu. Nilikuwa nasoma bei za waya,
mita kwa mita, na mimi mwenyewe sizipendi.
Akatazama sakafuni, pale penye kandambili,
muda mrefu, kama anayehesabu vidole vya wajukuu.
"Haya. Ng'oa."

Siku tatu.
Nilipigilia fimbo ya shaba nyuma ya jiko,
panapomwagwa maji ya kuoshea vyombo,
kwa kuwa udongo mkavu ni kiziwi.
Nilivuta kahawia, buluu, kijani na njano, chumba kwa chumba,
nikafunga ile breka inayokata umeme unapovuja,
nikaibonyeza kitufe cha kujaribia:
tak!
Giza. Na watoto uani, kwa sauti moja:
"Tanesco hao!"

Kila swichi niliipa jina kwa kalamu isiyofutika.
Sebule. Jiko. Wapangaji. Friji.
Kifuniko cha baba kilikuwa kimeliwa na mchwa pembeni.
Nilipunguza kwa msumeno, nikakitundika kando ya boksi jipya,
na chini ya saba yake nikaandika tarehe yangu,
nikaacha nafasi chini,
kwa sababu na hiki kitabu changu kitageuka.

Jioni Bi Sikudhani alitaka maji ya baridi.
Mguu wake ukapapasa sakafu, kulia, kushoto,
ukizitafuta kandambili.
Hazikuwepo. Kuna mtoto kaenda nazo dukani.
Akasimama peku mbele ya friji,
akanitazama,
akashika.