Chumba Kisicho na Dirisha

Bahari tuliilipia kwa awamu kumi na mbili,
kama tulivyolipia jokofu,
kama tulivyolipia meno ya mama.
Awamu ya tatu ilikuwa imekwisha kukatwa mshaharani
siku basi lilipotuteremsha bandarini Santosi
na meli imesimama mbele yetu,
ndefu kuliko mtaa wetu mzima kule Sorokaba,
nyeupe, madirisha hayahesabiki.
Mama akayahesabu.
Alifika mia mbili na kumi, foleni ikasogea.
"Letu lipi?" akauliza.
Nikajitia kutafuta pasipoti. Nilijua nilichonunua.

Chumba kilikuwa tumboni, ghorofa ya tano,
mwisho wa ujia wenye zulia la samaki.
(Samaki wote huelekea mbele ya meli.
Mkipotea, alisema mhudumu, fuateni vichwa.)
Pazia lilikuwapo. Zito, rangi ya zabibu.
Mama akalifungua kwa mikono miwili
kama mwenye duka asubuhi,
na nyuma yake, ukuta.

Miaka thelathini na minane alishona kiwandani.
Akageuza upindo, akaupitisha vidoleni.
"Kazi nzuri," akasema. "Uzi maradufu."
Akalifunga tena, polepole,
kama mtu aliyemkuta mwingine akivaa.

Bahari ilikuwa kwenye televisheni, chaneli ya kumi na nne:
kamera iliyofungwa puani mwa meli,
maji ya kijivu yakija, yakija,
hayana sauti, hayana chumvi.
Mama akavua viatu, akaketi kuyatazama
kama anavyotazama tamthilia,
akingoja mtu aingie.

Huko juu chakula hakilali.
Nanasi limechongwa kasuku, barafu imechongwa samaki,
wazee wenye kaptura wanabeba sahani kama wanahama nyumba.
Mama anafunga mikate miwili kwenye leso, anatia mkobani.
Mama, tumeshalipa, unaweza kurudi hata usiku wa manane.
"Ndiyo maana naichukua," anasema. "Yangu."

Mhudumu wetu aliitwa Ketuti, mtu wa Bali.
Kila jioni taulo liligeuka mnyama:
tembo, kisha kobe, kisha nyani
aliyening'inia kwenye kiango amevaa miwani yangu.
Mama alikataa wasikunjuliwe.
Siku tatu tulijifuta kwa fulana zangu.
Ketuti ana mwana aliyejifunza kutembea yeye hayupo;
alituonyesha kwenye simu, hatua nne na kuanguka,
na mama akatazama kifungo cha mkono wake,
kimeshikwa na uzi mmoja.
"Simama hapo."
Akamshonea palepale mlangoni, meli inayumba,
sindano haikumgusa hata mara moja.
Hawakuwa na lugha ya kushukuriana.
Kesho yake tulipata tembo wawili.

Buzios tulipewa saa nne. Nikanunua kofia.

Usiku wa mwisho nikaamka, kitanda chake kitupu,
televisheni inaonyesha giza.
Nikafuata vichwa vya samaki, nikapanda ngazi,
nikasukuma mlango mzito dhidi ya upepo.
Alikuwa chini ya boti za kuokolea,
kwa gauni la kulalia na sweta langu,
anatafuna mkate wa jana.
"Mama, huku haonekani mtu wala kitu."
"Naona," akasema. "Ni nyeusi yote.
Ile ya chumbani walikuwa wameiosha sana."
Akanimegea kipande. Kilikuwa na chumvi;
sijui ni ya mkate au ya hewa.

Sasa ni wiki ya pili tangu turudi.
Sakafu ya jikoni bado inapanda na kushuka,
nasonga ugali wa mahindi nimeegemea sinki,
na mama mezani, na taulo letu la zamani,
anajaribu tena kumkunja tembo.
Hutoka kitu kama buti.
Anakunjua. Anaanza upya.
Zimebaki awamu tisa.