Magaga ya Trekta

Alikuja Kariokor Jumanne, Bi Zarina wa Ngara,
kopo la tofi kwapani, limefungwa kwa uzi wa cherehani.
Mimi nakata akala. Kisu changu
kimezoea matairi ya lori, yale manene,
yaliyokwenda Malaba yakarudi, yakaenda tena.
Nikadhani kaleta kandambili za mjukuu.

Akafungua: trekta la chuma, jekundu,
la kuenea kiganjani,
na matairi manne yenye magaga
kama visigino vya mtu aliyevuka kiangazi pekupeku.

"La kaka yangu, Altaf. La mwaka sitini na mbili.
Hakulichezea. Mama alisema litachakaa."

Tairi moja lilikuwa limelia. Ndivyo alivyosema: limelia,
machozi meusi yanayonata kama ulimbo,
likala plastiki ya sanduku lake
na kuacha shimo la umbo lilelile.
Jingine gumu; ukiligonga kwa ukucha
linaitika kama kokwa ya ukwaju.

Akanipa masharti, kidole juu:
lisikae juani,
usilifunge kwenye nailoni likakosa pumzi,
poda kidogo, ya watoto, kwa pamba.
Mafuta, la.
Nikaitikia.
Jioni, peke yangu, niliuona ukavu ule
nikaingiwa na huruma. Nikachovya kidole
kwenye mafuta ya mgando
nikalipaka lile lililokuwa na nafuu.

Ijumaa lilikuwa limevimba kama kupe,
limeteleza nje ya ringi yake.

Nilitaka kusema ni joto. Nilitaka kusema ni panya.
Bi Zarina alilishika kwa kibano cha nyusi,
akalitazama, jirani yangu akapigilia misumari saba,
akasema: "Umempaka mafuta kama anakwenda shule."
Sikujua kama ni hasira au ni kicheko.

Basi nikakata. Tyubu ya baiskeli,
nikaivuta juu ya kalamu ya risasi, wembe mpya,
pete mbili pana, mbili nyembamba.
Ya tatu niliirudia mara sita.
Nikauliza, haya mazee nitupe?
Hapo ndipo alipokasirika kweli.
"Wanunuzi wanayataka hayohayo, hata yakioza."
"Kwani unauza?"
"Siuzi."
Akayafunga kila moja kwa karatasi yake, yasigusane,
na juu ya lile lililovimba
akaandika jina langu: Musembi.

Shilingi mia mbili. Kabla ya kulirudisha koponi
aliliweka mezani, kati ya vipande vya raba,
akalisukuma kwa kidole kimoja.
Likaenda mpaka kwenye kisu, likasimama.

Raba hutaka kukanyagwa, nikamwambia,
iliyokaa bure ndiyo huoza.
"Sasa ndiyo unasema," alijibu,
akafunga kopo.

Dole gumba langu bado lina doa.
Sabuni haikulitoa, mafuta ya taa hayakulitoa.
Usiku nilimegea ugali dole hilohilo.