Ihifadhiwe

Mimi ni karani wa masijala, stesheni ya Tabora,
chumba cha nyuma, karibu na tangi la maji.
Miaka kumi na saba nimepokea barua,
nikazigonga muhuri, nikazitoboa matundu mawili,
nikazilaza kwenye majalada
kama watoto wasioruhusiwa kuamka.

Barua za Kasonta nilizijua kabla sijazifungua.
Penseli, nyuma ya kurasa za kalenda iliyokwisha.
Zilinuka grisi, na asali kidogo.
"Kwa Mkuu. Reli juu ya kalvati, kilomita mia tisa na nne,
inalia vibaya. Nimeigonga mara tatu.
Naomba mje msikie.
Ni mimi, Kasonta Mlekwa, gengi namba sita, Usoke."

Mkuu wa wakati ule aliandika pembeni, wino wa kijani:
Imeonekana. Ihifadhiwe.
Nikaihifadhi.
Ya pili. Ya tatu.
Ya nne ilikuwa na mchoro: mistari miwili, duara,
na mshale mahali udongo ulipokimbia.
Ya saba ilikuwa na maneno mawili tu:
"Bado inalia."
Ihifadhiwe.

(Mapokezi palikuwa na sanduku la maoni.
Ufunguo ulipotea mwaka usiojulikana.
Nyigu walijenga humo,
na ni wao peke yao waliowahi kutusemesha.)

Usidhani tulikuwa watu wabaya.
Tulikuwa na ripoti za robo mwaka.
Tulikuwa na wageni wa makao makuu, chai na karanga.
Na mtu wa nyundo, darasa la saba,
atamwambia nini mwenye shahada?
Hilo hatukulisema.
Tulilitenda.

Kisha akaja Mhandisi Nyabenda, mzaliwa wa Kasulu.
Siku ya tatu akaniomba majalada.
Akazisoma zote saba, amesimama.
"Umezihifadhi vizuri sana," akasema,
na shingo yangu ikawaka moto.

Hakumwita Kasonta ofisini.
Mtu wa gengi ukimwita ofisini
nusu ya maneno yake huyaacha mlangoni pamoja na viatu.
Alipanda troli alfajiri,
akanichukua na mimi, nishike daftari.

Kasonta hakushangaa kutuona.
Alifuta nyundo kwenye suruali.
Akagonga reli ya upande huu:
ngiiii, ndefu, kama kengele ya shule.
Akasogea hatua kumi, akagonga:
ko.
Kama mlango wa nyumba iliyohamwa.
Akampa mhandisi nyundo, akarudi nyuma.

Aligonga. Akapiga magoti kwenye kokoto,
akaweka sikio juu ya chuma, akagonga tena.
Nami nilisikia.
Mimi nisiyejua nati wala boliti, nilisikia.
Miaka miwili ilikuwa ikisikika hivyo,
kwa yeyote ambaye angekuja.

"Ungefanyaje?" mhandisi akauliza.
Mtu yule alinyamaza kitambo kirefu.
Swali hilo lilikuwa geni kwake, alikuwa akilizunguka kulikagua.
Kisha akaanza kusema, na daftari langu likajaa
kabla jua halijafika utosini.

Mawe yalikuja Jumanne. Saruji ikachelewa, ikaja.
Machi mvua ilinyesha siku nne bila kupumua,
na kijito kisichokuwa na jina kikapanda hadi kifuani mwa kalvati.
Treni kutoka Kigoma ilipita saa nane usiku
na madumu ya mawese, na magunia ya dagaa,
na watoto waliolala midomo wazi.
Ilipita.
Basi.
Hakuna gazeti liandikalo: treni imepita.

Jalada lile ninalo bado, rafu ya tatu.
Wino wa kijani haujafifia.
Kila nikilishika husoma neno lile moja
nililolitii mara saba bila kulielewa.
Nilidhani wanasema karatasi.