Elfu Tisini na Mbili

Elfu tisini na mbili, alisema Dashnyam.
Alizitaja kama mtu anayetaja umri wa binti yake,
bila kupepesa, kiganja juu ya boneti,
pete ikagonga bati: ti.
Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, dada, huko Japani,
sokoni na nyumbani tu,
sokoni na nyumbani.

Baba angekuwa hai angelifunua midomo.
Farasi hanunuliwi kwa hadithi ya anayemuuza:
baba alihesabu meno, akanusa pumzi,
akamtembeza mnyama juu ya mawe asikilize kwato.
Mimi nilipiga teke tairi
kwa sababu niliona wengine wakipiga teke tairi.

Nikasaini. Theluji ikadondokea wino.
Zamu za usiku za miaka sita, wodi ya watoto,
na juu yake mkopo wa benki
wenye meno kamili.

Mama alishuka na bakuli, akanyunyizia magurudumu maziwa.
La kwanza, la pili, la tatu;
kufika la nne yalikuwa yameganda kijikoni.
Liende salama, lirudi salama, akasema,
akaligonga gurudumu kwa kijiko.

Usukani uko kulia na nchi inaendesha kulia:
kulipita lori nahitaji jicho la abiria.
Na kila nilipowasha, mwanamke alisema kitu
kutoka ndani ya dashibodi,
Kijapani, sentensi moja laini, kisha kimya.
Nilidhani ni salamu.
Asubuhi zote nilimjibu: asante, na wewe pia.

Januari ya Ulaanbaatar, nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri.
Injini inalala chini ya blanketi la sufu
kama mtoto njiti.
Saa nane za usiku nashuka ghorofa tisa, lifti imekufa,
naliwasha dakika ishirini lisije likafa nalo,
nakaa humo nikivuta moshi wa makaa ya jiji zima
na kumsikiliza mama yule akinisalimu.

Aprili taa nyekundu ikawaka, haikuzimika.
Ganzorig fundi alifungua mlango, akainama,
akakuta stika ya kubadilishia oili, ndogo kama stempu.
Akaifuta kwa kidole chenye grisi. Akaisoma tena.
Mia na themanini na saba elfu.
Hakucheka. Fundi mzuri hacheki mbele ya mgonjwa.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, wanasema.
Changu kilikuja kidonda, na upya hakikuwa nao.

Nilirudi kwa Dashnyam na stika kwenye pochi.
Akanipokea kwa chai ya maziwa na chumvi, mikono miwili.
Mita ni ya Japani, dada. Meli ni ya Wakorea.
Forodha ni ya serikali.
Mimi? Mimi nililiosha tu.
Nikanywa. Ilikuwa chai nzuri, ndilo lililoniudhi.
Niliondoka na mikeka minne ya mpira, bure,
mmoja wa gari jingine.

Seli mbili za betri, mwezi mmoja bila nyama.
Breki. Pampu ya maji. Mlango wa nyuma usiofunguka kwa ndani.
Juu ya mita nikabandika plasta ya wodini,
nikaandika kwa kalamu hesabu ya kweli,
kila Jumapili nikiisahihisha.

Kisha Nomuun, mtoto wa dada yangu, anayesoma Kijapani,
alipanda mbele, nikawasha, akacheka mpaka akakohoa.
Anasema kadi haijaingizwa, shangazi.
Kadi ya kulipia barabara.
Barabara za kule.

Bado namjibu. Mazoea yana taabu.

Jana kijana mmoja, harusi yake ni Septemba,
alilizunguka mara mbili pale maegeshoni,
akapiga teke tairi,
akauliza lina kilomita ngapi.
Plasta nilikuwa nimeshaibandua, Jumamosi, nikiliosha.
Jua lilikuwa zuri.
Nikajikuta nimeweka kiganja juu ya boneti.