Bwana Tano

Jina lake Tan Shouyi. Sisi wa Newala
ulimi wetu haukupenda neno linaloishia hewani,
tukalipachika irabu: Tano.
Akacheka, akahesabu vidole vya mkono wa kushoto,
akakubali.

Mwaka wa sabini na nne. Umri wake ishirini na mitatu,
suruali ya kaki iliyopauka magotini,
kamusi mfukoni, kurasa za M zimechanika,
kwa hiyo hakuwa na neno maji,
na kilichomleta kilikuwa maji.

Nilikuwa karani wa daftari la visima.
Umakonde ni kiu iliyoinuliwa juu:
ukisimama Shimo la Mungu unauona Ruvuma chini, unameremeta,
na mama zetu wanashuka bondeni saa tisa za usiku
warudi na ndoo moja.

Cha kwanza: vumbi.
Cha pili: vumbi jekundu.
Cha tatu keekee ikakatika, ingali huko chini.
Cha nne tulikimbizwa na nyuki,
na mkuu wa kambi akaanza kufunga mizigo.
Tano alikaa juu ya tofali, anamenya ming'oko,
akasema kwa Kiswahili chake cha kukwaruza:
Bado mimi.

Cha tano kikatoa.
Mkuu akaniamuru niandike: Maji. Mengi. Matamu.
Yule kijana akachota kwa kiganja, akaonja, akatema,
akaitwaa kalamu mkononi mwangu:
Maji. Kiasi. Yana chumvi.
Akatia sahihi kwa herufi zile zinazofanana na vibanda.
Mkuu alinuna hadi msimu wa mabibo.

Akaenda zake. Habari zake nikawa nazipata
kama mtu asikiavyo mvua ya jirani:
redio ya usiku, betri zimeanikwa juani mchana kutwa,
katibu wa wilaya fulani; kisha meya
wa mji wa makaa ya mawe.
Gavana nilimkuta kwenye karatasi iliyofungia bagia,
mafuta yamemla sikio moja.
Jimbo hilo, alisema Mwalimu Nannauka,
lina watu kutupita nchi nzima.
Nikamjibu: basi wana kiu nyingi.

Kule, mwalimu akanieleza, cheo husomwa kwa mstari:
nani anatangulia kuingia ukumbini, nani anamfuata.
Mjukuu wangu Somoe akafungua picha kwenye simu,
wanaume wa suti moja, nywele nyeusi kama kiwi ya viatu,
akapitisha kidole: moja, mbili, tatu, nne,
Babu, rafiki yako ni wa tano!
Nilicheka mpaka nikavua kofia.

Diwani Mnavahe akaja na karatasi safi:
mwandikie, atujengee kiwanda cha korosho.
Niliandika. Kiwanda nilikisahau.
Nilimuuliza kama meno yake bado yanaiweza ming'oko.
Stempu ililipwa na kata.

Jibu halikuja. Mwaka uliofuata
Somoe akafungua picha mpya, akahesabu,
akarudia kuhesabu.
Wa tano alikuwa mtu mwingine,
na safu imebanana, huoni hata pengo
la kupitisha kijiti.
Taarifa ilikuwa sentensi moja:
amepumzishwa kwa sababu za afya.

Siasa za watu sizijui. Labda anaumwa kweli,
mapafu, yale makaa ya mawe.
Labda alikula; wakubwa hula.
Au labda siku moja waliletewa daftari la nchi nzima,
limeandikwa mengi, matamu,
naye akachota, akaonja.

Jana nilikwenda kisima namba tano.
Pampu siku hizi inaendeshwa na jua,
ile ya zamani wamefungia mbuzi.
Binti mmoja alikuwa anajaza madumu. Nikamwomba ya kunywa.
Yana chumvi, babu, akanionya.
Nikamwambia, najua.
Imeandikwa.