Kwaruzo

Nilimjua kwa kidole kabla ya sauti:
kidole cha shahada, ncha imebabuka
kwa kuirudisha nyuma santuri isiyotaka kurudi.
Ukumbi wa Keko, kiingilio buku,
ukuta unatoka jasho kama sisi,
na Kingalu, enzi hizo DJ Kwaruzo,
hedifoni kaivaa upande:
sikio moja kwa ngoma inayopigwa,
la pili kwa ngoma ambayo bado.

Hakuacha pengo. Pengo kwake lilikuwa aibu,
kama mgeni kafunua chungu akakuta maji.
Umeme ukikatika alipiga meza kwa viganja
mpaka jenereta ikohoe.

Leo ana kiti cha magurudumu, Mikocheni,
shati la pasi, na karatasi ya maswali
ambayo sijawahi kumwona akiisoma.
Mimi niko nyuma ya kioo, napandisha sauti, nashusha,
mwaka wa kumi na moja huu.
Mwanzoni alihoji watu kama anaunga nyimbo:
jibu halijaisha, swali limeshaingia.
Watu walipiga simu. Mama mmoja wa Tandika:
"Mwache mwenzio ameze mate!"

Kisha akaja Tabu Likoko,
ambaye jukwaani tulimwita Wembe,
siku hizi anauza pistoni na mikanda ya feni, Gerezani.
Akaulizwa: kwa nini uliacha?

Kimya.

Mkono wangu ukaenda kwenye tangazo la rangi za nyumba.
Kingalu, bila kugeuka, akainua kile kidole.
Nikasikia kiyoyozi. Nikasikia bangili
ikigusa meza, ikitoka, ikigusa tena.
Sekunde ya tisa. Ya kumi.

"Yale mashairi hayakuwa yangu," akasema Tabu.
"Ya mdogo wangu. Tulimzika Jumanne,
Ijumaa nikaingia studio na daftari lake."

Hakuna aliyekuwa ameuliza hilo.
Na Kingalu, aliyeipiga ngoma ile Keko
misimu mitatu, usiku kwa usiku,
akiikwaruza palepale penye jina la marehemu
kwa sababu palikuwa na mdundo mzuri,
hakusema kitu.
Kidole tu, juu ya mbao,
kikaenda kinyume cha saa, kidogo,
kikasimama.

Meneja alinikata elfu ishirini, tangazo halikwenda hewani.
Kingalu akanirudishia kumi.
Kumi nyingine namdai mpaka leo.