Maji Juu ya Maji

Mlingotini ni kwetu,
pana kisima cha watu
hatua mia na tatu
toka ukingo wa maji.

Hakina pambo kisima,
mdomo umeinama,
kopo la rangi huzama
na kurudi lina maji.

Alichimba bibi Mize,
jirani wamuulize,
akasema: «Nipunguze
safari ndefu za maji.»

Na mwiko alitwachia:
juu juu kuchotea,
chini msije gusia
mkayaamsha maji.

Na bahari i karibu,
lakini maji, ajabu,
sabuni haina tabu,
povu lafunika maji.

Mwaka juzi akajenga
Pazi, mwana wa Mkanga,
vyumba kumi vya kupanga;
pampu ikavuta maji.

Ikanguruma dizeli,
tangi lita elfu mbili,
wageni waoge kweli
bila kupimiwa maji.

Mara chai yakataa,
kunde motoni zakaa
saa baada ya saa,
haziivi kwenye maji.

Wakasema lipo jini
limeshuka kisimani;
wengine, mtu fulani
katilia chumvi maji.

Pazi: «Mnataka mie
deni la benki nilie,
wageni wanikimbie
kwa ndoo moja ya maji?»

Mimi nafundisha shule,
sayansi, pale Kaole;
nikatwaa chupa ile
ya jamu, mirija, maji.

Chini, maji ya bahari,
buluu, yawe dhahiri;
juu, kwa kijiko, shwari,
nikateremsha maji

matamu; hayakuzama.
Yakakaa, yakagoma.
Mstari ukasimama
kati ya maji na maji.

Ni ule ule ujazo,
uzito ndio tatizo:
chumvi yaongeza mzo,
ikayalemea maji.

Wavuna chumvi wajua,
yai wakilichukua:
likizama, bado jua
lina deni kwenye maji.

Chini ya mchanga ndivyo:
ya mvua hulala hivyo
juu ya chumvi ilivyo,
mkeka juu ya maji.

Mrija wa soda, wazi.
«Vuta polepole, Pazi.»
Tamu. «Sasa kwa pumzi!»
Buluu yapanda maji.

Akatema mbele yetu,
hakusema neno katu.
Mama kavaa viatu,
kenda kununua maji.

Dumu moja mia tano,
akalipa bila neno,
akarudi; kwa mkono
akampa Pazi maji.

Huizima saa kumi.
Idi ikija, hakomi.
Mimi naweka ulimi
alfajiri kwenye maji.

Chupa ipo dirishani,
mstari u mashakani.
Siwatu: «Mpaka lini?»
Nimetazama tu maji.